Programu safi, ila leseni ilinitoa jasho: siku 3 za kuaktiveti kitu nilichokwisha kulipia

Hii programu ya kuhariri video naitumia mwaka wa nne sasa na sijawahi kuiandikia chochote, manake ilikuwa inafanya kazi yake na mi nafanya yangu. Leo naandika kwa ajili ya jambo moja tu, leseni, na hasa sapoti yao ya leseni, kwa sababu nimekaa siku 3 nimefungiwa nje ya kitu nilichokilipia kwa hela yangu na naona anayetaka kununua ana haki ya kujua kabla hajatoa pesa. Jina la kampuni siliweki. Mwishoni walinitatulia na sina nia ya kuwaharibia, halafu programu nyingi za kununua mara moja zinaendeshwa hivi hivi, kwahiyo hata kama yako ni ya uhasibu au ya kuchora majengo au ya kurekodi sauti haya mambo yatakuhusu. Nimewapa nyota 3 kati ya 5. Programu peke yake ningeipa 5 bila kufikiria, nyepesi, haigandi, rangi inazitoa vizuri sana, sina kinyongo nayo hata kidogo. Hizo 2 wamezipotezea kwenye leseni.

Leseni yangu ni ile ya kudumu, unalipa mara moja, unatumiwa seriali namba kwenye imeili, ule msimbo wa kuiaktiveti programu ili ikubali kufanya kazi, na mkataba wao unasema unaruhusiwa kuiweka kwenye mashine 2. Mi nina kompyuta ya mezani ya kazi nzito na laptopu ya kutembea nayo, kwahiyo nafasi zote 2 zilijaa toka siku ya kwanza na sikuona tatizo lolote hapo. Tatizo lilianza SSD, yani diski ya ndani, ya kompyuta ya mezani ilipokufa. Haikutoa dalili, haikuwa nzito wala nini, jioni nimezima vizuri asubuhi nawasha naambiwa hakuna diski ya kuwakia. Mafaili ya kazi yalikuwa kwenye diski ya nje, namshukuru Mungu kwa hilo, ila Windows na programu zote zilienda na ile SSD. Na nilikuwa na video ya mteja ya dakika 40, imebaki kurekebisha rangi na kupanga sauti, ya kukabidhi baada ya siku 2.

Nikanunua SSD nyingine, nikafungua boksi nikaibadilisha mwenyewe, nikaweka Windows upya, nikaweka programu kutoka kwenye faili la kuinstoli nililokuwa nimelitunza kwenye diski ya nje. Nikabandika seriali namba nikabonyeza kitufe. Jibu: haiwezi kuwasiliana na seva ya leseni (kompyuta ya kampuni inayokagua leseni), hakikisha una intaneti. Intaneti ipo, simu inapiga video, laptopu inafungua kila kitu. Nikazima ruta nikawasha, nikabadilisha waya, nikazima fayawoli, nikazima antivairasi, nikajaribu intaneti ya simu, kimya. Hapo nilipoteza kama saa 2 nzima nahangaika na mtandao ambao haukuwa na kosa lolote.

Kilichoniokoa ni brauza. Nilitaka kwenda kwenye tovuti yao kuangalia kama seva zao zimeanguka, brauza ikagoma kufungua ikaniambia saa ya kompyuta iko nyuma. Nikatupa jicho chini kulia pale kwenye saa, naona tarehe ya miaka kadhaa nyuma, mwezi wa kwanza tarehe moja. Nimekaa mbele ya hiyo skrini toka asubuhi sijaiona! Nilichokuja kugundua ni kwamba ile betri ya duara kama sarafu iliyopo kwenye madabodi, yani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, ile CR2032 ya volti 3, ilikuwa imeshakufa muda mrefu, ila kwa vile kompyuta haikuwa inachomolewa kwenye umeme saa ilikuwa inaendelea kutembea kama kawaida. Siku nilipochomoa waya ili nibadilishe SSD ndo saa ikarudi mwanzo.

Sasa kwa nini saa iharibu leseni? Kwa sababu programu inapoongea na seva inaongea kwa njia salama ile ile ya https, na seva inatoa cheti, kama kitambulisho chake, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yako ikiwa inaamini tuko mwaka ambao hicho cheti kilikuwa hakijazaliwa, inakikataa. Yani anayekataa ni kompyuta yako mwenyewe, seva haina habari. Ila programu haisemi "saa yako sio sahihi", inasema huna intaneti, na wewe unaanza kumsumbua anayekuuzia intaneti. Hapa nawalaumu kabisa, maana kama brauza inaweza kutambua kwamba saa iko nyuma na kukwambia, na wao wangeweza. Nikaiweka saa kwa mkono, betri nikaja kununua mpya baadae, na sekunde hiyo hiyo hata Windows iliyokuwa inalalamika haijaaktivetiwa ikajiaktiveti yenyewe bila kuniuliza kitu.

Roho ikatulia kidogo, nikajua yameisha. Nikabonyeza tena kitufe cha programu, safari hii seva ikajibu fasta, na jibu lenyewe: seriali namba hii imeshafikia idadi ya juu ya kompyuta, tafadhali ondoa leseni kwenye kompyuta mojawapo kisha ujaribu tena.

Naomba msomaji aelewe hapa maana ndo kiini cha malalamiko yangu. Kwenye programu yao njia ya kuondoa leseni ni moja tu, unafungua programu kwenye ile kompyuta yenye leseni, unaingia menyu ya msaada, unabonyeza kuondoa. Sasa ile "kompyuta" wanayoitaka haipo tena, imekufa pamoja na SSD. Ni sawa na nyumba imeungua halafu unaambiwa ili upewe nyumba nyingine kalete kwanza ufunguo ulioachwa ndani.

Nikashangaa mbona boksi ni lile lile, madabodi ile ile, prosesa ile ile, kwa nini inaonekana ni kompyuta ya 3? Nikaja kuelewa baadae kutoka kwa huyo huyo mtu wao wa sapoti. Programu ukiiaktiveti inasoma vitu vya ndani ya mashine, namba ya diski, namba ya madabodi, anwani ya kadi ya mtandao, inavichanganya inatengeneza kitambulisho kimoja, na hicho ndo seva inakiandika kwenye daftari lake. Kila kampuni ina uzito wake. Windows inaangalia zaidi madabodi, ndo maana nilibadilisha diski na yenyewe haikushtuka, ilinitambua ikajiaktiveti. Hawa jamaa wanaipa diski uzito mkubwa, kwahiyo diski mpya kwao ni mtu mpya kabisa ambaye hawajawahi kumuona. Na diski ndo kitu kinachokufa au kubadilishwa mara nyingi kuliko vyote kwenye kompyuta! Binafsi naona ni uamuzi mbaya, wanamwadhibu mteja kwa jambo ambalo lazima siku moja limkute.

Kabla sijaenda sapoti nilihakikisha kosa sio langu, na hili nashauri kila mtu alifanye kwanza maana muda mwingine tatizo ni dogo. Seriali namba niliitoa kwenye imeili kwa kukopi na kubandika, ila niliibandika kwanza kwenye notipadi ili nione kama kuna nafasi tupu imeng'ang'ania mwanzoni au mwishoni, ile nafasi moja tu isiyoonekana inatosha kukufanya uambiwe namba sio sahihi. Ukiandika kwa mkono ndo balaa zaidi, kwenye namba ya hawa jamaa kuna sifuri na kuna herufi O, kuna moja na kuna I, na kwa maandishi ya ile imeili huwezi kuvitofautisha hata ukiweka macho kwenye skrini. Hili Windows walilifikiria, funguo zao, yani seriali namba zao, za herufi 25 zilizopangwa tano tano hazitumii sifuri wala O wala moja wala I, kwahiyo mtu hakosei hapo. Jambo dogo ila linaonesha nani amemfikiria mtumiaji. Nikaangalia pia kama nimeinstoli toleo ambalo leseni yangu inaruhusu, maana ukinunua toleo fulani halafu ukapakua toleo kubwa jipya, namba ya zamani inaweza kukataliwa hata kama ni halali kabisa. Yangu ilikuwa sawa. Na nikachungulia lile faili la hosts, linaloweza kuizuia kompyuta isifike kwenye anwani fulani za mtandao, lipo C:\Windows\System32\drivers\etc, linafunguka kwa notipadi. Kama kompyuta umeinunua ikiwa imeshatumika, mwenye nayo wa zamani anaweza kuwa aliweka programu za wizi na humo akaacha mistari inayozuia seva za leseni za kampuni fulani fulani, we umenunua halali lakini kompyuta yako inakataa kuongea na muuzaji. Langu lilikuwa safi, Windows ilikuwa mpya.

Basi nikaenda sapoti.

Ukibonyeza msaada unakutana na boti, programu inayojibu badala ya mtu. Nikaielezea, diski imekufa, nahitaji nafasi ya mashine ya zamani ifutwe. Ikanipa linki ya makala inayofundisha jinsi ya kuondoa leseni kwenye kompyuta ya zamani. Nikaandika kompyuta ya zamani haiwaki. Ikanipa makala ile ile. Nikaandika kwa herufi kubwa nataka binadamu, ikaniuliza kama makala imenisaidia. Kuna sehemu ya kuandika tiketi, yani ombi la msaada linalosomwa na mtu, ila wameificha, inabidi useme hapana mara 3 ndo kitufe kinatokea, nawaambia ili msipoteze muda kama mimi.

Tiketi ya kwanza niliandika kwa hasira, nakiri, nikaandika mistari 2 kwamba leseni yangu haifanyi kazi na nina kazi ya mteja naomba msaada haraka. Jibu lilikuja kesho yake, na lilikuwa ni ile makala ya boti imebandikwa kwenye imeili na jina la mtu chini. Nikajibu hapo hapo nikaeleza tena kuhusu diski. Jibu la pili lilikuja baada ya masaa mengi, mtu mwingine tofauti, ananiomba nihakikishe nina intaneti, nizime antivairasi, niinstoli upya. Yani amerudi hatua ya kwanza kabisa kana kwamba hakuna aliyenisikia. Danadana tupu. Siku hiyo ndo ilikuwa siku ya kukabidhi kazi, ikabidi nimpigie mteja nimwombe siku moja zaidi, na mteja mwenyewe ni mtu ambaye nilihangaika sana kumpata. Alinielewa, ila unajua mwenyewe unavyojisikia ukiomba samahani kwa jambo ambalo hukulisababisha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuimalizia kazi kwenye laptopu si ina leseni. Niliijaribu. Video ilikuwa ya 4K na laptopu yangu haina kadi ya picha ya maana, nikicheza sekunde 10 inakwama, rangi huwezi kurekebisha kitu kinachoruka ruka. Ila wazo la maana lilinijia hapo, ningeweza kuondoa leseni kwenye laptopu nikaihamishia kwenye kompyuta ya mezani, kazi ingeisha siku ile ile. Nikaogopa. Niliogopa nikishaitoa huku na kule ikagoma nitabaki sina hata moja, na sapoti ndo hao wanajibu mara moja kwa siku. Sasa hivi najua ingekubali bila shida, nafasi ikiachiwa kwa njia ya kawaida seva inaifuta papo hapo. Kwahiyo wewe ukiwa na mashine ya pili na kazi inakusubiri, fanya hivyo kwanza, ya mashine iliyokufa utaidai taratibu.

Usiku wa siku ya 2 nikakaa chini nikaandika tiketi mpya kwa utulivu, na hii ndo iliyofanya kazi, kwahiyo naeleza nilichoweka. Kwenye kichwa niliandika ombi lenyewe kabisa, "Naomba mfute mashine ya zamani kwenye leseni yangu, diski imekufa". Sio "leseni haifanyi kazi", maana hiyo inawapeleka kwenye jibu lao la kubandika. Ndani nikaanza na namba ya oda na tarehe niliyonunua na imeili niliyonunulia. Nikaweka herufi 5 za mwisho za seriali namba, sio nzima. Nikaandika ujumbe wa kosa neno kwa neno kama ulivyo pamoja na namba yake, nikabandika na skrinshoti. Nikaandika Windows gani, toleo gani la programu. Nikaorodhesha nilivyokwisha kujaribu: saa ya kompyuta ni sahihi, intaneti ipo, antivairasi nimezima, nimeinstoli upya, seriali namba nimeikopi haina nafasi tupu. Na mstari wa mwisho nikaandika kwamba siwezi kuondoa leseni kutoka ndani ya programu kwa sababu diski iliyokuwa na hiyo programu haisomeki kabisa. Nikawa nimewafungia njia zote za kunirudisha kwenye makala.

Asubuhi ya siku ya 3 nikapata jibu la mtu wa 3, na huyu kwa kweli namsifu. Alisoma. Alianza kwa kusema pole kwa diski, amesoma na jumbe zangu 2 zilizopita na anaomba radhi kwamba nimezungushwa. Akaniomba kitu kimoja tu, nifungue dirisha la kuhusu programu nimtumie kile kitambulisho cha mashine kinachoonekana pale, ili afute cha zamani asije akafuta cha laptopu kwa bahati mbaya. Nikamtumia. Dakika kama 20 akajibu amefuta, jaribu.

Nikajaribu, ikakataa. Ujumbe ule ule.

Moyo ulinienda mbio jamani. Nikamwandikia, na safari hii akajibu hapo hapo: funga programu, halafu fungua meneja wa kazi za Windows uone kama kuna huduma yao ya leseni bado inatembea nyuma, maana ukifunga dirisha hiyo huduma haifungi, inabaki na jibu la zamani kichwani. Izime, kisha bonyeza kulia kwenye ikoni ya programu uifungue kama msimamizi, mara hii moja tu. Sababu yake ni kwamba leseni inaandikwa kwenye folda ya ProgramData, folda ambayo kwa kawaida imefichwa, na kwenye Windows yangu mpya akaunti niliyokuwa natumia haikuwa na ruhusa ya kuandika pale, kwahiyo hata seva ikikubali programu inashindwa kuhifadhi jibu na inakuonesha kosa la mwisho inalolikumbuka. Nikafanya hivyo. Kale kamstari kakazunguka, kakasimama kidogo nikadhani yale yale, halafu dirisha zima likabadilika likaandika jina langu na chini yake mashine 2 kati ya 2. Nilipumua kwa sauti mpaka mwenzangu chumba cha pili akaniuliza kuna nini.

Kazi ya mteja nilimaliza usiku ule ule nikamtumia asubuhi.

Sasa hukumu yangu. Huyu mtu wa 3 alimaliza kila kitu kwa muda usiozidi saa moja, maana yake uwezo wanao, vifaa vya kufuta mashine wanavyo, siku 2 za kwanza zilikuwa ni uzembe wa kutosoma tu. Mtu aliyelipa hapaswi kuandika barua nzuri ili asikilizwe. Na kikubwa zaidi, hili jambo lisingehitaji sapoti kabisa kama wangeniachia niziondoe mashine mwenyewe kutoka kwenye akaunti yangu ya tovuti. Adobe, wale wa Photoshop, wao wanaruhusu mashine 2 pia, ukiingia kwenye ya 3 inakuuliza pale pale kama unataka utolewe kwenye zile nyingine, unakubali unaendelea na kazi yako, mashine ya zamani iwe nzima, imekufa au imeibiwa. Microsoft toka Windows 10 toleo la 1607 la mwaka 2016 wanakuruhusu uifunge leseni kwenye akaunti yako, ukibadilisha vifaa unaingia unasema hii ndo mashine yangu. Sio teknolojia ngeni, ni kuamua tu kumjali mnunuzi. Nimewaandikia hili kama maoni, wamenijibu wamelipeleka kwa wahusika.

Nilimuuliza pia huyo wa sapoti swali ambalo lilikuwa linanikaa, siku kampuni ikifunga seva, hii leseni "ya kudumu" inakuwaje? Alinijibu kwa ukweli na nikamheshimu zaidi. Ipo njia ya kuaktiveti bila intaneti, programu inakupa msimbo wa ombi, unaupeleka kwa kompyuta nyingine kwenye ukurasa wao, unapewa msimbo wa jibu unaurudisha. Ila huo ukurasa nao unakaa kwenye seva zao, kwahiyo seva zikizimwa njia zote 2 zinakufa. Mashine iliyokwisha kuaktivetiwa itaendelea, mpya haitakubali, mpaka wao wenyewe watoe toleo lisilohitaji seva. Adobe walishawahi kufanya hivyo kwa CS2, kifurushi cha programu zao cha 2005, walipozima seva zake za kuaktiveti wakawawekea wenye leseni faili la kuinstoli lisilohitaji kuuliza seva. Hawa wangu mkataba wao hauahidi kitu kama hicho, nimeusoma wote juzi kwa mara ya kwanza. Ningetamani wangeahidi.

Kuna upande mmoja nawatetea. Watu wanalalamika kwa nini wanaomba ushahidi wa manunuzi kabla ya kufuta mashine. Mi naona wana haki. Kuna funguo nyingi zinauzwa bei ya kutupa, nyingine ni za makampuni makubwa zilizovuja, ufunguo mmoja wameuziwa watu mia. Kwenye Windows ukiona namba ya kosa 0xC004C008 ujue huo ufunguo umeshatumika kwenye mashine nyingi kupita kiasi kinachoruhusiwa, ukiona 0xC004C003 seva imeukataa, mara nyingi ni kwamba umefungiwa. Hapo hata uandike tiketi nzuri kama yangu hakuna atakayekusaidia zaidi ya aliyekuuzia, na yeye huwa hapatikani. Kwahiyo ile imeili ya risiti na namba ya oda usiifute. Mi yangu nimeichapisha kwenye karatasi na nyingine ipo kwenye diski ya nje, kwa sababu ilikuwa inakaa sehemu moja tu, kwenye imeili niliyokaribia kuiacha, na ningeipoteza ile imeili nadhani haya maandishi yangekuwa na nyota 1.

Anayeniuliza kama anunue, kama unafanya video na unataka kulipa mara moja, nunua, sijaona nyingine inayonikaa mkononi hivi. Ila kabla ya kulipa waulize swali moja kwa imeili: diski yangu ikifa, naiondoaje mashine ya zamani? Jibu watakalokupa, na muda watakaochukua kukujibu, vitakuonesha sapoti yenyewe ilivyo.

Nyongeza, miezi 2 baadae: nimebadilisha madabodi na prosesa kwenye kompyuta ile ile. Safari hii kabla sijagusa bisibisi nilifungua programu, nikaingia menyu ya msaada nikaondoa leseni, nikaangalia imeandika mashine 1 kati ya 2 ndo nikazima umeme. Nilipomaliza kufunga nikaiweka tena ikakubali mara moja, dakika 2 hazikuisha. Iliyogoma ni Windows. Diski haikujali, ila madabodi mpya ikasema hii sio kompyuta ninayoijua. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuaktiveti, kwenye kitatuzi chao nikachagua kwamba nimebadilisha kifaa hivi karibuni, nikaingiza akaunti, nikaichagua kompyuta yangu kwenye orodha ikarudi. Imekubali kwa sababu leseni yangu ya Windows niliinunua peke yake, ingekuwa ile inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa na madabodi yake, nisingeihamisha. Kwenye ukurasa wa akaunti wa hawa jamaa wa video nimeangalia leo tena, kitufe cha kuondoa mashine bado hakipo. Nyota zinabaki 3.